Ukimpa Mwenzio Wimbo, Mpe na Jina

Ziko desturi zinazokua mbele ya macho yetu pasipo kutungiwa sheria wala kuitishiwa mkutano. Mojawapo ni hii ya watu kuulizana barazani, "Siku hizi unasikiliza nini?" Zamani mtu akikaa kitako aliulizwa habari za mvua, za bei ya nazi na za wagonjwa wa mtaani. Leo, kabla kikombe cha pili cha kahawa hakijamiminwa, mmoja ameshatoa simu mfukoni na kuwataka wenziwe wanyamaze wapate kusikia wimbo aliourushiwa jana usiku. Sisi hatuoni ubaya katika desturi hiyo. Bali tunaona kwamba ni tawi jipya la mti wa zamani, kwani watu wa pwani yetu hawakupata kuwa wachoyo wa muziki. Lakini tawi hili lina kasoro moja, nayo ndiyo iliyotufanya tushike kalamu leo.

Juma lililopita tulikuwa tumekaa baada ya sala ya isha katika baraza moja ya Ngamiani, hapa mjini Tanga. Palikuwapo watu saba, na kila mmoja alieleza anachokisikiliza. Kijana wa bodaboda alisema yeye siku hizi ni singeli tu, maana mwendo wake unafanana na kazi yake. Mwalimu wa shule ya msingi alisema amerudi kwa Mbaraka Mwinshehe, na kwamba humsikiliza alfajiri anaposahihisha madaftari. Mama muuza vitumbua, ambaye alikuwa akifunga meza yake kando yetu, alisema hana wakati wa kuchagua. Taarabu ya kisasa inayopigwa na jirani ndiyo anayoisikiliza, apende asipende. Fundi wa redio alimtaja Umm Kulthum wa Misri, aliyefariki mwaka 1975, akasema hajapata kumchoka. Mwanafunzi wa sekondari alikuwa na kaswida. Nasi tulikiri kwamba tumo katika kanda za zamani za Mlimani Park, bendi iliyoanzishwa jijini Dar es Salaam mwaka 1978, ambayo wapenzi wake waliiita Sikinde.

Wa saba alikuwa mzee wa makamo ya miaka themanini hivi, mtu mpole, ambaye tumekunywa naye kahawa kwa miaka mingi bila kumjua zaidi ya kwamba alikuwa mfanyakazi wa mkonge kisha wa bandarini. Yeye hakusema kitu.

Kijana wa bodaboda, ili kutuonyesha kwamba si mtu wa singeli peke yake, akafungua wimbo mmoja wa taarabu ya kale. Simu yake iliuandika "Zilipendwa Namba 7." Tuliusikiliza mpaka mwisho. Mwalimu akasema mwimbaji ni fulani wa Unguja. Fundi wa redio akakataa, akasema ni fulani wa Mombasa. Wakabishana kwa ukali, kila mmoja akiapa, na sisi tukaegemea upande wa mwalimu. Ndipo yule mzee akaweka kikombe chini akasema kwa sauti ndogo, "Si wa Unguja wala wa Mombasa. Wimbo huo ni wa hapa hapa. Na hilo gitaa la besi mnalolisikia, nalipiga mimi."

Baraza nzima ilinyamaza. Kijana aliurudisha wimbo mwanzo bila kuambiwa, tukausikiliza tena, safari hii tukilifuata besi. Mzee aliweka vidole vyake juu ya goti akawa anavisogeza polepole, na kila kidole kilipogusa goti, sauti ilitoka simuni. Hapakuhitajika ushahidi mwingine.

Ndugu msomaji, jambo hili si kichekesho cha barazani. Watu sita, ambao wote wanajidai kuwa wapenzi wa muziki, walikuwa wakikaa na mwanamuziki miaka nenda miaka rudi, wakiusikiliza muziki wake bila kumjua. Wawili kati yao walikuwa tayari kuapa kwamba kazi ya mikono yake ni ya mji mwingine. Kosa hilo si la mtu mmoja. Ni la utaratibu mzima wa jinsi tunavyopeana nyimbo, na yafaa tuuchambue tangu asili yake.

Kwanza tuseme kwamba kusikiliza peke yako ni jambo geni katika nchi zetu. Taarabu tangu hapo ilikuwa shughuli ya hadhara. Msikilizaji hakuwa mtu wa kukaa kimya kwenye kiti chake. Aliinuka, akaenda kwa mwendo wa madaha mpaka mbele ya mwimbaji, akamtuza. Na katika kutuza huko kulikuwa na maneno yasiyotamkwa. Aliyeinuka kwenye ubeti wa wivu alikuwa amemwambia jambo mke mwenziwe. Aliyeinuka kwenye ubeti wa shukrani alikuwa amemshukuru mtu aliyekaa safu ya tatu. Kwa hiyo mtu wa pwani anapokuambia, "Sikiliza wimbo huu," hakupi sauti tu. Aghalabu anakupa na ujumbe, na wewe unatakiwa uwe na akili ya kuupokea.

Redio nayo haikuivunja desturi hiyo, bali iliitanua. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, na baadaye, kuanzia mwaka 1965, ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam chini ya serikali. Sisi tuliozaliwa karibu na mwaka 1980 tuliikuta ikiwa ndiyo redio pekee tuliyoijua nyumbani. Redio ya betri iliwekwa dirishani, si kwa sababu ya mawimbi peke yake, bali ili jirani asiyekuwa na redio naye apate haki yake. Betri zilipochoka zilianikwa juani pamoja na mchele. Na katika vipindi vya salamu watu walinunua kadi, wakajaza majina ya ndugu na marafiki, wakaomba wimbo. Mtu wa Kigoma alimsalimu mtu wa Lindi, na nchi nzima ikasikia anachokipenda. Huko ndiko kuulizana "unasikiliza nini" kwa kipimo cha taifa, na hapana kijana wa leo awezaye kudai kwamba kizazi chake ndicho kilichobuni mambo hayo.

Sasa, tofauti i wapi? Tofauti ipo katika kinywa cha mtangazaji. Mtangazaji alipopiga wimbo alitaja bendi, mara nyingi alitaja mtunzi na mwimbaji, na mara nyingine aliwataja hata wapiga magitaa. Wimbo ulifika masikioni ukiwa umeshikana mkono na jina. Wasikilizaji wakawajua wanamuziki kama walivyowajua wachezaji wa mpira, wakawagawa kwa namba na nafasi. Walipigania nani kamzidi nani, na walijua nani kahama bendi gani, mwaka gani na kwa sababu ipi.

Lakini hapo hapo ndipo palipokuwa na udhaifu. Ni vyema vijana wafahamu kwamba bendi zetu nyingi hazikuwa na sahani za santuri za kutosha. Hatukuwa na kiwanda cha maana cha kuzitengeneza, na waliotaka kutoa santuri aghalabu walikwenda Nairobi. Nyumbani, mahali pa kurekodi palikuwa studio za Radio Tanzania. Bendi ilialikwa, ikapiga nyimbo zake, zikahifadhiwa kwenye mikanda mikubwa ya redio, zikarushwa hewani. Hazikuuzwa dukani zikiwa na jalada lenye picha na majina. Mpenzi wa muziki aliyetaka wimbo uwe wake alikuwa na njia moja tu, nayo ni kuketi mbele ya redio akiwa na kaseti, kidole juu ya kitufe, akingojea.

Sisi tulikuwa katika kundi hilo, na tunaikumbuka kazi yenyewe. Kaseti ya dakika sitini ilikuwa na nusu saa kila upande. Ukichelewa kubonyeza, mwanzo wa wimbo umekupita. Ukiwahi mno, umeinasa sauti ya mtangazaji, na mwenye kaseti safi alijivunia kwamba kaseti yake haina maneno ya mtangazaji hata kidogo. Tazama jinsi tulivyojidanganya! Tulifuta jina kwa mikono yetu tukaliita usafi. Kisha tulivunja vile vijino viwili vya plastiki vilivyo nyuma ya kaseti ili mtu asije akarekodi juu yake, tukaikunja kwa penseli, tukaandika kwenye karatasi ya jalada: "Nyimbo Nzuri, Upande A." Tuliilinda sauti kwa ufundi wote, na jina tukaliacha nje ya mlango.

Kaseti hiyo ilinakiliwa na jirani, nakala ikanakiliwa dukani, ya dukani ikaingizwa katika kompyuta, na ya kompyuta ikaingia simuni. Kila hatua ilipunguza habari. Hivyo ndivyo wimbo uliopigwa na vijana kumi na wawili wa Tanga ulivyofika kwenye baraza ya Tanga ukiitwa namba saba.

Wapo watakaosema: Jina la nini, maadamu wimbo ni mtamu? Muziki ni burudani. Mnataka kutufanya tuwe makarani? Hoja hii tumeisikia, tena kwa watu tunaowaheshimu. Tutaijibu kwa mambo matatu.

Jambo la kwanza ni riziki. Nchi yetu ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na chini yake iliundwa COSOTA. Sheria hiyo inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka hamsini baada ya kufa kwake, ili hata watoto wake wapate haki yao. Lakini sheria haina macho. Haiwezi kumlipa mtu aitwaye "Namba 7." Wimbo usio na jina ni sawa na shamba lisilo na mpaka: kila apitaye anachuma, na mwenyewe akija kudai anaambiwa alete ushahidi. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Nasi tunauliza, atatunzwaje yule ambaye kwao hawamjui?

Jambo la pili ni historia. Taifa changa halina kumbukumbu nyingi zilizoandikwa na watu wa kawaida, na nyimbo ni miongoni mwa chache tulizo nazo. Chukua bendi ya NUTA, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama hicho kilipobadilika mwishoni mwa miaka ya 1970, bendi ikawa JUWATA; ulipofika mwanzo wa miaka ya 1990 ikawa OTTU; na hatimaye ikabaki na jina ambalo wapenzi wake walikuwa wameshaipa, Msondo Ngoma. Jina la bendi juu ya wimbo mmoja linakuonyesha wimbo ulipigwa zama zipi, na nchi ilikuwa katika hali gani ulipopigwa. Ukilifuta, umeifuta tarehe. Kijana atasikia sauti ya Muhidin Maalim Gurumo, aliyefariki mwaka 2014 baada ya kuimba kwa karibu nusu karne, naye hatajua kama wimbo ule ni wa siku za Azimio au wa siku za soko huria.

Kadhalika jina hutuonyesha watu walikotoka na walikokwenda. Remmy Ongala, aliyefariki mwaka 2010, alitoka Kongo, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, akaimba shida za mtu mnyonge kwa Kiswahili hata mnyonge akamwita wake. Mbaraka Mwinshehe alikwenda Japan na Morogoro Jazz mwaka 1970 kwenye maonyesho ya Osaka, na mwaka 1979 akafa kwa ajali ya gari karibu na Mombasa, akiwa hajatimiza miaka arobaini. Msichana wa Fumba, Siti binti Saad, alivuka bahari mwaka 1928 mpaka Bombay kurekodi santuri, akiwa pamoja na kina Subeit bin Ambar na Maalim Shaaban, na santuri hizo zikaenea pwani nzima. Hata Shaaban Robert, mwana wa Tanga, aliona vema kuandika wasifu wake. Tunayajua haya yote kwa sababu mtu mmoja alitaja jina, na mwingine akaliandika. Laiti wangesema "wimbo mtamu" wakanyamaza, leo tungekuwa na sauti za wageni masikioni mwetu, ilhali ni sauti za bibi zetu.

Jambo la tatu ni adabu, nalo kwetu ndilo kubwa. Sisi tulianzia chuoni kabla ya kwenda shule ya serikali. Chuoni, ukisimulia habari, maalimu alikuuliza kwanza: umeipokea kwa nani? Na huyo aliipokea kwa nani? Asiyeweza kuitaja silsila yake alinyamazishwa, hata kama maneno yake yalikuwa mazuri. Hatusemi kwamba wimbo ni sawa na elimu ya dini. Kila kitu kina daraja yake, na hatutaki kuchanganya. Tunachukua adabu ile tu: kwamba mwenye kupokea kitu kizuri anadaiwa kumtaja aliyempa. Shule ya serikali nayo ilitufunza hivyo hivyo kwa njia nyingine, pale mwalimu alipotuadhibu kwa kunakili insha ya mwenzetu na kuiwasilisha bila jina lake. Shule zote mbili, ambazo katika mambo mengi hazikupatana, katika hili zilikuwa na neno moja.

Hapa hatuna budi kujikosoa, kwa maana asiyeanza na nafsi yake haki ya kuwakosoa wengine hana. Sisi tumekuwa watumishi wa chama kwa miaka mingi, na tumeandaa mikutano ya hadhara ambayo idadi yake hatuikumbuki. Kila mkutano una muziki wake. Watu huitwa uwanjani kwa nyimbo, saa mbili au tatu kabla ya msemaji mkuu kufika. Tumezitumia nyimbo za wazee hawa kukusanya umati, umati umekuja, umecheza, umesikiliza hotuba, umetawanyika. Mwishoni tuliwashukuru viongozi kwa majina na vyeo, tukawashukuru wenye viti na turubai, tukamshukuru mwenye spika. Hatukupata hata siku moja kumshukuru aliyeimba. Na katika mikutano ya uwanja mmoja hapa mjini, yule mzee wa besi alikuwa akisimama nyuma ya umati, chini ya mwembe, akijisikiliza. Ametuambia hivyo mwenyewe, bila kinyongo, na kutokuwa na kinyongo kwake ndiko kulikotuchoma zaidi.

Tuseme pia neno la haki juu ya vijana, maana wazee wenzetu wana tabia ya kuulaumu muziki wao kwa kila kitu. Tuliposikiliza kwa makini nyimbo za bongo fleva tuligundua jambo ambalo lilitupunguzia majivuno. Aghalabu kijana hufungua wimbo kwa kujitaja jina. Mara nyingi utasikia na jina la mtayarishaji, na la studio. Sisi tulilichukulia kuwa ni majigambo. Lakini kumbe kijana huyo amelipigilia jina lake ndani ya wimbo wenyewe, hata ukinakiliwa mara elfu, haliwezi kung'oka. Amejifunza kutokana na msiba uliowapata wazee wake. Basi wazee waseme watakavyo juu ya mashairi na mavazi, lakini katika jambo hili mwanafunzi amemzidi mwalimu, na yafaa mwalimu akubali.

Hata hivyo, kijana huyo huyo anayelilinda jina lake mwenyewe ndiye anayemrushia mwenziwe wimbo wa babu yake pasipo jina. Haki haiwi haki mpaka imfikie na asiyeweza kuidai. Sasa tufanye nini? Sisi si watu wa kulalamika bila kupendekeza, na mapendekezo yetu hayahitaji bajeti wala wafadhili.

Mosi, kila anayemrushia mwenziwe wimbo aandike chini yake maneno machache: nani ameimba, kundi gani, mji gani, na mwaka kama anaujua. Akiwa hajui, aandike kwamba anaulizia. Kuuliza si aibu. Aibu ni kuapa kwa usilolijua, kama tulivyofanya sisi barazani.

Pili, wenye kaseti majumbani wasizitupe. Tunajua zinachukua nafasi, na mashine ya kuzipigia imekuwa adimu. Lakini ndani ya kaseti moja huenda ikawamo sauti ya mtangazaji iliyonaswa kwa bahati mbaya, ikitaja majina ambayo hayapo mahali pengine popote. Kile tulichokiona uchafu siku zile sasa ni hazina. Kaseti itunzwe mbali na jua na sumaku, na mwenyewe aandike juu yake analolikumbuka akiwa bado analikumbuka.

Tatu, maktaba za redio zetu. Mikanda ya Radio Tanzania ni mali ya umma iliyolipiwa kwa jasho la wakulima na wafanyakazi, na sasa imo mikononi mwa Shirika la Utangazaji. Mkanda huharibika kwa joto, unyevu na umri, wala haungoji vikao. Kila juhudi ya kuihamishia katika mitambo ya kisasa iungwe mkono, na pamoja na sauti zihamishwe kadi na madaftari yaliyoandikwa majina. Sauti bila madaftari yake itatuletea kina "Namba 7" kwa maelfu.

Nne, walimu. Mwanafunzi anayepewa kazi ya kuandika habari za ukoo wake apewe na kazi ya kwenda kwa mzee mmoja wa mtaani na kumwuliza: ujanani ulisikiliza nini, na nani alipiga? Mji huu peke yake, uliokuwa na Black Star na Lucky Star kwa upande wa taarabu, Atomic na Jamhuri kwa upande wa dansi, una wapiga vyombo ambao hawajaulizwa swali hilo hata mara moja. Bi Shakila binti Said, ambaye sauti yake ilianza kupaa katika vikundi hivyo vya Tanga, alifariki mwaka 2016. Yeye alijulikana, na alizikwa akilia naye umma. Lakini nyuma ya kila mwimbaji aliyejulikana palikuwapo wapiga udi, wapiga fidla, wapiga ngoma na wapiga kodiani ambao umma haukupata kuwaona vizuri, kwa sababu taa ilikuwa mbele na wao walikaa nyuma.

Tano, na la mwisho, viongozi na watumishi wenzetu. Tukiandaa hadhara, tusome majina ya wenye nyimbo kama tunavyosoma majina ya wageni waalikwa. Haitachukua dakika tano. Nasi tumeahidi kuanza katika hadhara ijayo tutakayoiandaa, na wasomaji wakituona tumesahau watukumbushe kwa barua.

Msomaji mwangalifu atauliza: Mbona ninyi wenyewe hamkumtaja huyo mzee? Swali hilo ni la haki na tulilitarajia. Tulimwomba ruhusa ya kulichapa jina lake. Alikataa kwa upole, akasema yeye hakupiga peke yake, na kwamba hawezi kukubali atajwe gazetini wakati wenziwe walio udongoni hawajatajwa. Tuandike wote au tusiandike yeyote. Tukampa karatasi na kalamu pale pale barazani. Walikuwa kumi na wawili. Ameandika majina tisa kamili, pamoja na chombo alichopiga kila mmoja. Watatu waliobaki anayakumbuka majina yao ya utani tu, na mmoja wao anakumbuka kwamba mama yake alikuwa akiuza mbaazi.

Kijana wa bodaboda ameichukua karatasi hiyo. Kila jioni, akimaliza kazi, humpakia mzee nyuma ya pikipiki yake na kwenda naye nyumba hata nyumba, Ngamiani, Chumbageni mpaka Makorora, kuwauliza wazee waliobaki. Kwa sasa bado ni majina tisa. Yatakapotimia kumi na mawili tutayachapa yote hapa, katika safu hii, kwa mpangilio ule ule waliokaa jukwaani.

Hadi siku hiyo, wimbo ule katika simu ya kijana hauitwi tena "Namba 7." Ameubadilisha jina. Sasa unasomeka: "Wa hapa Tanga. Tunaulizia."